Saumu ya Wahida

Kila asubuhi ya likizo, Wahida alifagia ua wa nyumba yao pale Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, akakosha vyombo, kisha akakimbilia kucheza. Alhamisi ile hapakuwa na mchezo. Baba yake, Latifo, alikuwa ameazima gari la rafiki yake ili wakawaone jamaa ambao hawakuwa wameonana nao tangu familia ihamishiwe Quitunda. Wangeanzia Palma, wapite vijiji vya ghuba ya Tungue, kisha walale Namoto kwa Bibi Samiha, shangazi yake Latifo. Waliondoka alfajiri bila hata chai.

Wahida alikuwa na miaka kumi na miwili, na safari hizi alizijua. Kwa baba yake, kuingia kwa ndugu na kutoka bila kula ni sawa na kumtukana mwenye nyumba. Basi kila nyumba ni ugali wa muhogo na samaki mkavu, utake usitake. Kwani tumbo lake lilikuwa ghala? Mbona mtoto haulizwi?

Sinia la kwanza lilipotengwa pale Palma, akatazama chini kwa adabu, akasema, "Mimi nimefunga."

Mama yake, Cadija, akashangaa. Wahida akaapa kwamba alinuia tangu usiku, kwa kuwa Alhamisi ni siku ya sunna. Jamani, mtoto huyu! Wenyeji wakamwombea dua, na Latifo akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Alijichongea mwenyewe. Kila waliposhuka garini, baba yake alianza na habari ya binti aliyefunga. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Hafsa, rafiki wa mama yake, naye alikuwa amepika wali wa nazi na pweza, chakula ambacho Wahida angekifuata hata kwa miguu. Mdogo wake, Fauzi, akala huku akilamba vidole makusudi. Wahida akamchukia Fauzi, akamchukia baba, akamchukia hata pweza. Hasira na njaa vilipozidi, akajificha nyuma ya gari, akala pakiti nzima ya biskuti za bolacha na kunywa maji ya dumu. Hakuna aliyemwona ila Mungu.

Walifika Namoto alasiri, wakiwa wametoka nyumba ya nne. Bibi Samiha alikuwa mjane wa asili ya Mtwara, anayeishi peke yake. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza kuku wake wote isipokuwa mtetea mmoja, na huyo alikuwa akiatamia mayai kumi na mawili kikapuni, jikoni. Zilibaki siku tatu tu yaanguliwe. Bibi aliwaonyesha kwa furaha kama anayeonyesha wajukuu.

Kisha Latifo akasema yale yale: binti yangu amefunga.

"Msafiri ameruhusiwa kula, na huyu mtoto amejikaza," Bibi akasema. "Hafuturu kwa muhogo mkavu nyumbani kwangu."

Akamtoa mtetea juu ya mayai, akampa Latifo kisu. Latifo alikataa, Cadija akamsihi Bibi amwache kuku, lakini Bibi akawaambia wasimharibie thawabu ya kumfuturisha aliyefunga. Latifo akamlaza kuku, akamwelekeza kibla.

Wahida alimkasirikia hata Bibi. Nani alimwomba kuku? Lakini alipoyaona yale mayai peke yake kikapuni, hasira ikakosa pa kwenda ila kwake mwenyewe.

"Baba, acha. Sijafunga. Nimekula bolacha nyuma ya gari."

Latifo akamwachia kuku, akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Nyumba nne nimekutangaza. Nyumba nne!"

"Na wewe nani alikutuma kutangaza?" Bibi akamkata kauli. "Saumu ni ya mtu na Mola wake." Kisha akamgeukia Wahida, naye hakuwa akicheka. "Hukutaka chakula? Ungeonja tonge moja, ukasema nimeshiba, ahsante. Hakuna ambaye angekasirika. Wewe umechukua ibada ukaifanya kichaka cha kujifichia. Ukidanganya, mwanangu, wapo watakaokuamini, na hao ndio wanaoumia. Leo ningechinja vyote nilivyonavyo kwa neno lako."

Wahida akalia kwa aibu, akaomba radhi. Bibi akamrudisha kuku kwenye mayai yake, akamwambia ameshamsamehe, lakini wale wengine hawezi kuwasemea.

Hasira ilipomshuka, Latifo akasema, "Kesho tunarudi kwa njia ile ile. Kila nyumba utasema mwenyewe. Nami nitatangulia kuomba radhi, maana mdomo uliotangaza ni wangu."

Kesho yake wakasimama milangoni mwa watu, baba na binti, nyumba zote nne.