Sahani Nyeupe Gerejini

Wakati wa likizo Rukiya hakuwa mtoto wa kulala mpaka jua limchome. Akishakunywa chai kwao Kibokoni, aliandamana na babake, Fundi Hussam, mpaka gerejini kwake karibu na mtaa wa Buxton. Huko alivaa ovaroli, akaikunja mikono yake, akaanza kusafisha vipuri vidogo na kuvipanga kwenye sahani nyeupe ya bati.

Sahani hiyo ilikuwa na heshima yake. Kipuri kikiwa juu yake basi ni safi, fundi akichukue akifunge, bila kukikagua tena. Hiyo ndiyo sheria aliyoiweka Hussam. Na Rukiya, tusifichane, kichwa kilimvimba kwa sababu ya sahani ile.

Siku moja lililetwa gari la Sista Nanjala, muuguzi anayepeleka chanjo katika vijiji vyenye barabara za tope. Lilikuwa likivuja oili chini. Ili apate kuziba panapovuja, Hussam alichomoa kidude kidogo chenye waya, akampa bintiye akisafishe.

"Hii ni sensa ya spidi," alimweleza. "Hukaa kwenye transfa, yaani kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Yenyewe huiambia kompyuta ya gari gia zinazunguka kwa kasi gani. Ncha yake ni sumaku, ikinasa uchafu haisomi; iangalie sana, mwanangu."

Rukiya aliisafisha ikang'ara. Kisha, kwa madaha, akaanza kuizungusha kidoleni. Lo! Ikamponyoka, ikaangukia chini ya meza ya kukatia vyuma. Alipoiokota, ncha imeota ndevu za unga wa chuma.

"Rukiya! Njoo unywe kahawa!" babake aliita.

Aliipangusa mara moja kwa mkono wa ovaroli, akaiweka kwenye sahani. Nani atajua? Ngowa, fundi mgeni aliyekuwa bado anajaribiwa kazi, akaichukua na kuifunga.

Kesho yake Sista Nanjala alirudi, viatu vyake vimejaa tope.

"Sabalkheri, mafundi. Jamani, mumenifanyia nini?" alisema. "Nimefika kwenye tope, nimetia gia ya magurudumu manne, taa ya gia hiyo ikawa yawaka na kuzima. Magurudumu ya mbele hayakuvuta kabisa. Kina mama wamenisubiri na watoto wao wachanga mpaka wakaenda zao."

Hussam aliunganisha kompyuta yake ya kupimia. Ikaonyesha kasoro kwenye sensa ya spidi ya transfa. Akaingia chini ya gari na mita, akapima plagi: umeme unafika. Akapima waya wote: haukukatika popote. Alipotoka, uso umekunjamana.

"Waya mzima, umeme upo," alisema. "Basi ni mkono wa aliyefunga. Ngowa, kazi hii huiwezi. Leo jioni tuagane."

"Lakini Fundi, mimi niliifunga kama nilivyoikuta kwenye sahani."

"Sahani usiitaje! Ile ni ya Rukiya, na mikono ya mwanangu naiamini."

Maskini Rukiya! Sifa alizozoea kuzifurahia sasa zilimchoma. Masikio yalimwaka moto. Akatamani ardhi ipasuke aingie. Pembeni, Ngowa alianza kukusanya spana zake moja moja. Kahawa ilipoletwa, hakuja kuketi kwenye benchi pamoja na wenziwe.

Rukiya alikiweka kikombe chake chini. Akanyanyuka, akasimama mbele ya watu wote.

"Baba," alisema, "sensa niliiangusha mimi. Iliingia unga wa chuma. Niliipangusa kidogo tu, nikanyamaza. Kaka Ngowa hana kosa."

Hussam alirudi chini ya gari, akaichomoa sensa. Ndevu za unga wa chuma zilikuwa pale pale nchani. Akaisafisha mwenyewe, akaifunga, akalijaribu gari. Taa ikawaka ikatulia.

Rukiya alikuwa amejiinamia, machozi yakidondokea ovaroli. Lakini babake alianza na Ngowa.

"Niwie radhi, ndugu yangu. Kompyuta ilinitajia mahali penye kasoro, haikunitajia mtu. Mtu nilimchagua mwenyewe, tena nikamwaibisha mbele ya watu. Zirudishe spana zako."

Kisha akamgeukia bintiye. "Kuangusha kitu hakuna asiyeangusha, Rukiya. Ungesema pale pale, tungeipangusa, tukacheka, yakaisha. Umenyamaza, watoto wamekosa chanjo, na mwenzio amebeba aibu yako. Kosa liseme likiwa bado dogo, mwanangu."

Rukiya alimwomba radhi Sista Nanjala, kisha Ngowa. Akangoja kuambiwa avue ovaroli, aende nyumbani. Badala yake Ngowa alimwekea kipuri kingine mbele yake, cha gari jengine. Alikisugua kwa kitambaa, akakiweka juu ya sahani nyeupe.

Ngowa aliponyoosha mkono kukichukua, Rukiya aliizuia sahani.

"Kaka Ngowa," alisema, macho bado yako chini, "kikague kwanza."

Ngowa alikigeuza kwenye mwanga, akakitazama vizuri, akaenda kukifunga.