Laurean na Simu Iliyolia Mara Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Laurean. Hakuna haja ya kumsitiri, maana mkewe amekwisha kuisimulia habari yote.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Hyattsville, Marekani. Mkewe, Benadetha, alikuwa kazini Silver Spring, anakotunza wazee. Binti yao Anitha alikuwa bado amelala. Laurean, ambaye siku za kazi hupakia mizigo kwenye ghala moja huko Laurel, alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupika. Pembeni ya jokofu ilikaa simu ya mezani.

Wageni huicheka simu hiyo. Siku hizi nani ana simu ya mezani? Lakini namba yake ndiyo pekee ambayo mama yake Laurean, kule Muleba, anaijua kwa kichwa. Bibi yule ana miaka themanini na miwili. Macho yamepungua nguvu, ila vidole vinakumbuka. Kila Jumapili baada ya misa hubipu mara moja, akakata. Hapo Laurean humpigia. Mambo yamekwenda hivyo kwa miaka tisa. Jumapili ambayo mama hakubipu, Laurean hata chakula hakimshuki.

Basi simu ikalia. Mlio mmoja, kisha kimya.

Laurean alifuta mikono, akatazama kioo cha simu. Haikuwa namba ya mama. Ilianza na moja, kama namba zote za Marekani, zikafuata tarakimu tatu asizozijua.

"Huyu ni Elisante tu," akajisemea. Elisante ni mpwa wake, kijana anayehama majimbo kama mtu anayebadili shati. "Amehama tena, na salio hana."

Kwao Laurean, mtu akikubipu ana shida. Usipompigia, jina lako litazungumzwa kwenye vikao vyote vya ukoo. Kwa hiyo Laurean akapiga ile namba.

Sauti tamu ya mwanamke ilimwambia kwa Kiingereza asubiri kidogo, asikate. Kisha ukaanza muziki. Laurean akaweka spika, akaendelea kumenya. Kila alipotaka kukata, yule mwanamke alirudi na kumshukuru kwa uvumilivu wake. Laurean hajawahi kushukuriwa kiasi hicho nyumbani kwake. Akasubiri.

Ndizi zikaisha. Akachambua maharage. Akafagia. Anitha akatokea na nywele zimesimama, akauliza kwa Kiingereza muziki ule ni wa nani.

"Ni binamu yako Elisante," baba akajibu. Mtoto akarudi kulala.

Baada ya dakika arobaini na saba Laurean alichoka, akakata. Elisante hakusikika.

Wiki tatu baadaye bili ikafika. Mlipaji wa bili ni Benadetha. Kwa kawaida huwa dola tisini hivi. Safari hii alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba Anitha, una ndugu visiwani?"

"Visiwa gani?"

"Vya Karibi. Wanasema mmeongea dakika arobaini na saba. Kila dakika dola tatu na nusu. Jumla dola mia moja sitini na nne na senti hamsini."

"Mimi sikuongea," Laurean akasema. "Nilisikiliza tu."

Jibu hilo halikusaidia. Benadetha aliiweka bili mezani taratibu, na mwanamke akitua kitu taratibu namna ile, ujue kuna jambo.

"Jumatatu simu hii inakatwa," akasema.

"Na Mama je?"

"Mama tutampigia kwa simu zetu za mkononi."

"Sisi tutampigia. Yeye akitaka kutubipu, atabipu wapi? Namba mpya ataishika lini, na macho yale? Siku akizidiwa, vidole vyake vitapiga namba hii hii."

Benadetha aliitazama tena bili. Yeye anampenda kweli mama mkwe wake. Lakini pesa ile ilikuwa mishahara ya zamu mbili za kuinua wazee kitandani.

"Nipe njia ya kubaki nayo bila kunitoa jasho," akasema. "Una mpaka Jumatatu."

Laurean alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwa Jerotich. Jerotich ni Mkenya wa Eldoret, rafiki wa Benadetha. Kazi yake ni kupokea simu za wateja kwenye kampuni ya simu, ingawa si ile ya akina Laurean. Alishuka na kikombe chake cha chai mkononi.

"Leta hiyo bili, shemeji. Ukurasa wa kwanza ni salamu tu. Maneno yenyewe yako nyuma." Akafunua. "Kwani ulidhani kifurushi chako kinafika wapi?"

"Wameandika bila kikomo. Sasa bila kikomo kuna mwisho tena?"

"Soma hapa chini, haya maandishi ya sisimizi. Bila kikomo ndani ya Marekani na Kanada. Basi."

"Lakini ile namba ilianza na moja, kama yangu."

"Moja ni geti, shemeji. Ndani ya geti kuna nyumba nyingi. Marekani imo, Kanada imo, na visiwa vingi vya Karibi vimo pia. Wewe umelipia nyumba mbili. Ukaingia ya tatu, ukakaa dakika arobaini na saba."

"Na ule muziki?"

"Muziki ndiyo biashara yenyewe. Mashine yao inapigia maelfu ya watu, mlio mmoja tu, inakata. Ukiwarudia, unatozwa bei kubwa ya nje, na wao wanapata fungu lao. Kwa hivyo kazi yao ni kukuzuia usikate."

"Kumbe shukrani zote zile."

"Hizo walizitoa kwa moyo," Jerotich akasema, akanywa chai.

"Sasa nitajuaje? Mtu akinibipu ana shida."

"Mwenye shida ya kweli atapiga tena, ama ataacha ujumbe. Namba usiyoijua usiirudie. Kupigiwa simu hapo nyumbani hakukugharimu kitu. Kurudisha ndiko kuna bei. Mama yako hifadhi namba yake kwenye simu, akibipu jina litokee."

Kisha akagonga ukurasa kwa kidole. "Na hizi za kila Jumapili?"

"Ni za Muleba," Benadetha akasema. "Si zimo kwenye kifurushi?"

"Hazimo. Hamna kifurushi cha nje hata kimoja. Mnalipa kila dakika kwa bei ya kawaida. Simu yenyewe ni dola thelathini na tano. Ukitoa deni la kisiwani, zinazobaki ni hizi za Jumapili."

"Muda wote huu?"

"Muda wote."

Laurean alimgeukia mkewe kwa upole mwingi. "Mama Anitha, hivi mlipaji wa bili hapa ni nani?"

"Nyamaza," Benadetha akasema, lakini tayari alikuwa anacheka.

Jerotich aliwaambia wapige simu kwenye kampuni yao papo hapo. Laurean akamsukumia simu. Jerotich akakataa.

"Jina lako ndilo liko kwenye bili. Ongea wewe, mimi nitakukonyeza."

Mhudumu alipopokea, alisema ana kifurushi kizuri cha Tanzania, dola tano kwa mwezi. Laurean akatabasamu. Jerotich akamkonyeza.

"Samahani," Laurean akasema, "hicho ni cha kupiga simu za mkononi au za mezani?"

Za mezani tu, mhudumu akajibu.

"Muleba nani ana simu ya mezani?" Benadetha akanong'ona. "Labda parokiani."

"Basi awe anaongea na padri," Jerotich akasema.

Kikapatikana kingine. Dola kumi na tano, dakika mia tatu kwa mwezi, simu za mkononi zikiwemo. Laurean sasa alikuwa amechangamka. Akauliza dakika zikiisha kila moja ya ziada ni bei gani. Akauliza bei ile itadumu miezi mingapi kabla ya kupanda. Akaomba maelezo yote yatumwe kwa maandishi. Mwisho, Jerotich alipomkonyeza kwa nguvu, akaomba apunguziwe deni la kisiwani, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza.

Mhudumu alikwenda kuuliza. Muziki ukaanza. Benadetha akainama mezani kwa kicheko.

Walipunguziwa nusu.

"Hawakulazimika," Jerotich akasema. "Ila usipoomba hupewi." Akaandika jina la mhudumu na tarehe pembeni ya bili. "Tunza hii. Wakisahau, uwakumbushe. Na mkiongea na Mama, tazameni saa. Sekunde chache huhesabiwa dakika nzima."

Jumatatu ikapita, simu haikukatwa. Bili ya mwezi uliofuata ilikuwa dola hamsini na sita, kodi ikiwa ndani, mbali na ile nusu ya deni. Elisante naye alipiga mwenyewe. Kumbe hakuwa amehama jimbo lolote. Alikuwa Laurel, karibu na ghala la mjomba wake.

Siku moja simu ililia tena mlio mmoja, namba ngeni, moja mbele. Laurean aliikodolea macho, akakunja mikono kifuani mpaka kioo kikazima. Anitha aliyekuwa mlangoni akampigia makofi.

Jumapili likatokea jina la Mama. Laurean akampigia, akaweka spika. Benadetha akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, na hakuchelewa kumsimulia mama mkwe habari yote, muziki ukiwemo.

"Mama, usimsikilize huyu," Laurean akasema. "Haukuwa ujinga. Ilikuwa subira. Ninyi wenyewe mlinilea nisimkatie mtu maneno."

"Ujinga," Benadetha akasema.

"Subira."

"Laurean," Mama akaita.

"Naam, Mama."

"Mwezi uliopita nilikuwa nakueleza habari za mgongo wangu. Ukaniambia una haraka, ukanipa dakika sita. Hao wamekupigia ngoma tu, ukawapa arobaini na saba. Sasa hizo mia tatu za mwezi huu ni zangu zote, na ngoma sina."