Mahindi ya Kilwa

Saa tatu asubuhi Kalamu ilimfufua punda.

Punda huyo alikuwa amekufa kwenye sura ya pili ya Jasusi wa Husuni tangu riwaya ilipotoka, amechomwa mkuki na askari wa sultani, na wasomaji walikuwa wamelia hadi wakachoka kulia. Sasa, kufumba na kufumbua, kwenye kila kibao cha kusomea kuanzia Lindi mpaka Bukoba, mkuki ulimkosa punda ukagonga ukuta. Punda akatingisha masikio, akaendelea kula majani. Maoni yakamiminika hapo hapo. "Jamani, punda mzima!" aliandika mmoja. "Sasa nitakula chakula cha mchana kwa amani."

Hicho ndicho kilichoitwa kitabu-hai. Mtu akishasoma, anasema anavyoona, kwa sauti au kwa maandishi, na mtambo uitwao Sikio unayapokea maoni yote na kuyapima. Yakielemea upande mmoja mpaka Ijumaa, mtambo wa pili, Kalamu, unaandika upya kipande kilicholalamikiwa, kwa mtindo ule ule wa mwandishi, mpaka hujui nani kaandika nini. Kile cha zamani hakitunzwi. Mwandishi aliye hai ana haki ya kusema hapana. Akishafariki, haki hiyo haina mrithi, na kitabu kinabaki mikononi mwa wasomaji.

Esha Kindamba, mwandishi wa Jasusi wa Husuni, alikuwa amefariki mwaka uliopita.

Mhandisi wa Sikio pale Maktaba Pumzi, mjini Lindi, alikuwa mwanamke aitwaye Somoe Namkopa. Huyu alikuwa mtu wa kupenda kuwa sahihi, na balaa lenyewe ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi kweli. Ukimwambia leo joto, atakutajia nyuzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha Sikio linasikia vizuri, lakini naye alikuwa msomaji kama wengine, na kitabu hiki alikuwa amekisoma amesimama, nusura achelewe kazini.

Nani angemlaumu? Kilikuwa kinakimbiza roho. Jasusi aitwaye Kombo anatoka zama zetu hizi, anapenya mlango wa wakati, anatua Kilwa ya enzi za masultani, miaka mia saba na ushee nyuma, ili azuie mauaji ndani ya jumba la Husuni Kubwa. Askari wanamsaka. Hana rafiki. Na wasomaji, kama kawaida yao, kila mmoja alikuwa na lake.

"Nimeunguza wali kwa ajili ya kitabu hiki," alisema mmoja.

"Mapanga yaongezwe."

"Mapanga yapunguzwe, mapenzi yaanze mapema."

"Jasusi mzima anaingia nyumba ya watu na viatu! Hakufundwa kwao?"

Lakini maoni yaliyoungwa mkono na watu wengi kuliko yote yalikuwa ya Somoe mwenyewe. Katika sura ya tisa, Kombo akiwa mahututi kwa njaa anakutana na mchoma mahindi nje ya ukuta wa Husuni. Somoe aliposoma hapo alicheka peke yake mpaka watu wakamgeukia. Akaandika: "Mahindi? Kilwa ya masultani? Wakati ule mahindi yalikuwa ng'ambo ya dunia, yalikuja huku baadaye sana na meli za Wareno. Watu wa Kilwa walikula mtama, wali na samaki. Mwandishi katuchomea mahindi ya stendi karne kadhaa kabla ya stendi! Mchoma mahindi aondoke." Watu wakafurahi kweli kweli. Mzani wa sura ya tisa, uliokuwa kijani, ukageuka manjano, kisha ukaanza kuwa mwekundu. Ijumaa ikifika hivyo, mchoma mahindi kwaheri.

Ila hakuwa wa kuondoka kirahisi.

"Mhandisi," Sikio likasema, kwa ile sauti yake ya karani mpole, "kuna watu wanayatetea mahindi. Wengi. Na wote wanaandika kutoka nyumba moja, mtaa wa Mtanda."

"Nisomee."

"'Baada ya salamu, mimi ni msichana wa kidato cha nne, jina langu Snura. Naona mahindi yana utamu wake, yaachwe. Wasalaam.' Mwingine. 'Baada ya salamu, mimi ni rubani wa vyombo vya mwezini. Huko juu hatuna mahindi, hivyo sura ya tisa hutuliwaza. Wasalaam.' Mwingine. 'Baada ya salamu, sisi ni kikundi cha akina mama wa Nachingwea...'"

Somoe alikuwa ameshaweka kichwa juu ya meza kwa kicheko. "Basi, basi! Msichana gani wa kidato cha nne siku hizi anaanza na baada ya salamu?"

"Hakuna," likasema Sikio. "Nimetafuta."

Sheria ilisema maoni ya kughushi yafutwe, lakini si kabla binadamu hajaenda kumwona mhusika uso kwa uso. Somoe akachukua mkoba wake, akashuka Mtanda chini ya vivuli-ruka, zile turubai ndogo zinazopaa juu ya kichwa cha mpita njia ili asiungue jua. Alikuwa anacheka bado alipopiga hodi.

Aliyefungua ni mzee mrefu mwenye kofia iliyotariziwa na kikoi safi. Soksi zake zilikuwa za rangi mbili tofauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Naitwa Somoe, natoka Maktaba Pumzi."

Mzee akamvutia kiti. Kisha akasema chai ipo tayari, akaenda kuileta mwenyewe. Ilikuwa ya mchaichai, na sukari alikuwa amemwaga bila kuuliza. Somoe akanywa funda moja, akaona bora aingie moja kwa moja.

"Mzee wangu, wewe ndiye Snura?"

"Snura yupi?"

"Wa kidato cha nne."

Mzee akakohoa. Akaangalia dirisha, akaangalia soksi zake. "Ndiye mimi," akasema.

"Na rubani wa mwezini?"

"Huyo ndiye niliyempenda zaidi," akakiri mzee. "Nilikaa naye siku nzima."

Somoe alishindwa kujizuia, akacheka, na mzee naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa jikoni. Kisha mzee akaweka kikombe chini, na uso wake ukabadilika.

"Mimi naitwa Bushiri Kindamba," akasema. "Esha alikuwa mke wangu."

Kicheko kikamkauka Somoe mdomoni.

"Yule mchoma mahindi ni mimi," akaendelea Mzee Bushiri. "Nilikuwa nachoma nje ya uwanja wa mpira, kijana sina mbele wala nyuma. Esha akapita analia, katoka kwenye mtihani uliomshinda. Nikamwambia, kaa ule kwanza, kulia na njaa juu yake ni kazi mbili. Akakaa. Akala. Basi, ndiyo ndoa yetu ilivyoanza. Na maneno hayo hayo kayatia mdomoni mwa yule mchomaji wa Husuni, na njaa yake mwenyewe kampa Kombo."

"Lakini mzee, hakujua kwamba mahindi..."

"Alijua! Nilimwambia mimi mwenyewe. Nikasema, Esha, watu watakucheka, weka mtama. Akanitazama hivi, akaniuliza, 'Kwani wewe ulinichomea mtama?'" Mzee akafuta macho kwa ncha ya kikoi. "Kulikuwa na mmoja, sijui nani, anajiita Namkopa. Ndiye aliyeanzisha vurugu yote. Mungu amsamehe tu."

Chai ikampalia Somoe. Alikohoa mpaka mzee akainuka kumpiga mgongoni.

"Ni mimi, mzee," akasema alipopata pumzi. "Namkopa ni mimi."

"Ala!"

"Nisamehe."

Mzee Bushiri akarudi kukaa. Akamwangalia kwa muda, si kwa hasira, zaidi kama mtu aliyetegemea adui mkubwa akaletewa huyu binti aliyemwagikiwa na chai. "Mbona hukukosea," akasema mwishowe. "Mahindi hayakuwepo kweli."

Ndipo Somoe alipotamani angekosea, walau mara hii moja. Akauliza kama mzee asingetaka amchapie sura ile kwenye karatasi, aiweke ndani, hata Kalamu ikifanya yake. Mzee akatikisa kichwa. Alisema yeye hahitaji karatasi, yote anayo kichwani. Alichotaka ni watu wasiomjua Esha wakutane naye pale ukutani, wale naye, hata kama hawajui kuwa ni yeye.

"Wameshaniondolea shangazi yake," akasema. "Yule wa sura ya nne. Walisema anachosha. Na kweli alikuwa anachosha, alituchosha miaka yote! Lakini ndivyo alivyokuwa. Nikanyamaza, nikadhani ndio basi. Siku moja nafungua kibao, shangazi hayupo, kuna mwanamke mpole anagawa tende. Simjui hata wa wapi."

Somoe aliijua sura ya nne. Siku ile ofisini walikuwa wamepongezana, maana wasomaji waliridhika mno. Akainua kifaa chake cha mkononi, akaliuliza Sikio kimya kimya kama sura ya zamani ipo popote. Haipo, likajibu. Akakirudisha kifaa mkobani.

"Mzee, haya maoni ya Snura na rubani itabidi niyafute leo. Siwezi kudanganya."

"Najua."

"Lakini ya kwako wewe yako wapi? Sijaona hata maoni mamoja yenye jina Bushiri Kindamba."

Mzee akashtuka kana kwamba ameambiwa avue kikoi barabarani. "Mimi? Nisimame mbele ya watu nimsifu mke wangu?"

"Kuna ubaya gani?"

"Naona haya, mwanangu! Haya! Kwetu sisi mtu humsifu mpishi wa jirani. Mkeo unamwambia chumvi imekolea, inatosha, naye anajua umesema yote. Watu watasema mzee kafiwa kachanganyikiwa, anamtangaza mkewe."

"Watasema, ndiyo. Na mchoma mahindi je? Nani atamtetea, rubani?"

Somoe akatoa kifaa, na palepale, mbele yake, akafuta maoni yote ya uongo, pamoja na yale ya kwake mwenyewe, ya Namkopa. Kuyafuta ya kwake hakukusaidia kitu, kwa kuwa walioyaunga mkono walibaki pale pale. Mzani wa sura ya tisa ukawa mwekundu tii. Mzee akauona. Akaomba kifaa. Somoe akageuka aangalie ukutani asimwaibishe.

"Baada ya salamu," akasema mzee, akaweka kofia sawa, akaanza tena. "Baada ya salamu. Mimi ni Bushiri Kindamba, mume wa marehemu. Mahindi hayakuwepo Kilwa, hilo ni kweli. Yalikuwepo nje ya uwanja wa mpira, na nilichoma mimi. Mke wangu alinichukua akanipeleka Husuni kwa sababu alitaka niwe mahali pazuri. Alikuwa mwandishi hodari. Sikuwahi kumwambia. Nilimwambia kitabu kirefu. Naomba mniache pale ukutani na yeye. Wasalaam."

Akarudisha kifaa haraka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu akisafisha vikombe vilivyokuwa safi.

Ijumaa, baada ya swala, Somoe alirudi Mtanda. Angeweza kungoja ofisini, mzani unaonekana kokote, lakini hakutaka mzee aone peke yake. Wakakaa sebuleni kibao kikiwa katikati yao. Mzee hakutaka kukigusa. Alikuwa amevaa kanzu, na safari hii soksi zilifanana.

"Soma wewe," akasema. "Mimi macho hayana nguvu leo."

Somoe akafungua maoni. Alitaka kuanza na mabaya ili yaishe, akatafuta, akashuka, akashuka tena.

"Huyu anasema: 'Bado ni kosa la historia. Liacheni hapo hapo.' Huyu naye, anasema ni mtaalamu wa mambo ya kale. 'Nimechimba Kilwa miaka mingi sijawahi kuokota gunzi. Nimepiga kura mahindi yasitolewe.' Huyu anasema leo amemsifu mumewe kwamba anaimba vizuri, mumewe kamwuliza anaumwa nini. Mzee, wako wengi sana. Wengi wanaandika 'Baada ya salamu'."

"Wananicheka?"

"Hapana, mzee wangu. Wanakuamkia."

Saa ilipofika, Sikio likatangaza kwa sauti yake ile ya karani: sura ya tisa inabaki kama ilivyoandikwa na Esha Kindamba. Mzani ukawaka kijani. Somoe akaruka kwenye kiti akapiga kigelegele, mhandisi mzima, na jirani akaitikia kwa kigelegele kutoka ng'ambo ya ukuta bila kujua sherehe ya nini. Mzee Bushiri aliinamisha kichwa, mabega yakamshuka, na pumzi aliyoitoa ilikuwa ndefu mno. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, Esha."

Somoe akamwambia kwamba tangu jana ameandika maombi kwa wakubwa: Kalamu isifute tena neno la mtu bila kuweka la kwanza mahali. Hakujua kama watakubali. Kwa shangazi wa sura ya nne maombi yalikuwa yamechelewa, na alilisema hilo waziwazi. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Sasa nisomee pale penyewe," akasema. "Nimekaa siku zote hizi sithubutu kufungua."

Somoe akatafuta sura ya tisa, akasoma polepole: "'Mchoma mahindi hakumwuliza jina wala alikotoka. Alivunja hindi vipande viwili, akakitazama hiki, akakitazama kile, kisha akampa mgeni kipande kikubwa.'"

"Hapo simama," akasema Mzee Bushiri.

Somoe akasimama. Mzee alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakujisumbua kuyafuta.

"Mwongo huyu mwanamke! Mimi nilimpa kidogo. Nilikuwa na njaa."

"Nipeleke maoni warekebishe?" akauliza Somoe.

"Thubutu!" akasema mzee.