Wa Juu na wa Chini

Aliyeitika "nipo" mara ya pili hakuwa miongoni mwa waliokaa sebuleni, na hilo peke yake lingewanyamazisha watu wenye akili timamu. Lakini karani alikuwa na furaha jioni ile, na mwenye furaha hana masikio.

Karani huyo aliishi na mama yake na mdogo wake wa kike, mshonaji, katika nyumba ndogo yenye sakafu ya saruji. Ukoo wao haukuwahi kutoa mtu wa kutajwa. Kazini wenzake walijisifia babu zao, huyu hakimu, yule mwenye mashamba, naye akawa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Mtu akikosa cha kujivunia kwa walio hai, hukitafuta kwa wafu, maana wafu hawana mlango wa kumfungia. Basi akazimaliza likizo zake katika chumba cha kumbukumbu, akipekua majalada ya karakana ya mbao iliyofungwa zamani, mpaka akampata babu wa mama yake, mpasua mbao aliyeitwa Chuma.

Siku zile mbao zilipasuliwa shimoni. Gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu yake, mwingine akashuka chini, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao. Wa chini alikula vumbi kutwa nzima, machoni na kooni, kwa hiyo wa chini hawakudumu. Alfajiri msimamizi aliita, "Wa juu!" na aliyesimama juu akajibu, "Nipo." Akaita, "Wa chini!" na wa shimoni naye akajibu. Ukishaitika umeshika kazi, na huachii mpaka mwingine aje akupokee mpini.

Kilichomfurahisha karani ni kwamba Chuma hakukosa kazini hata siku moja, miaka nenda miaka rudi. Wapasuaji wengine waliandikwa wawili wawili kwa majina, lakini penye jina la mwenzake na Chuma, yule wa chini, paliandikwa "yupo", basi. Karani aliona huo ni uvivu wa aliyeandika. Yeye mwenyewe ni karani, alijua uvivu wa makarani.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo aliliona akalifumbia macho. Mwishoni Chuma alishuka kutoka juu ya gogo, nafasi yake ikashikwa na mdogo wake, na huyo mdogo akazikwa kabla mwezi haujaisha. Habari ya namna hiyo haimpandishi mtu cheo, kwa hiyo karani hakuibeba kwenda nayo nyumbani.

Nyumbani alisimulia mengine yote, amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi, akijifanya msimamizi.

"Wewe leo ndiye Chuma," alimwambia mdogo wake. "Wa juu!"

"Nipo, bosi," mshonaji alijibu, anacheka.

"Wa chini!" Akamwelekezea mama yake mwiko.

"Mimi? Na magoti haya nishuke shimoni?" mama akasema. "Nani atanipandisha?"

Walicheka wote watatu, na ndani ya kicheko hicho, kutoka chini ya saruji, ikaitika sauti ya mwanamume mwenye koo kavu, "Nipo."

Mama aligeuza sikio kuelekea sakafuni. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yalikuwa mazima. "Nani huyo?"

"Jirani," alisema karani, akaketi kula.

Alfajiri nyumba ilinuka mbao mbichi, ile harufu tamu ya mti uliochanwa sasa hivi, na kutoka chumba cha mshonaji ikasikika *khrr*, kimya kidogo, *khrr*. Karani alifungua mlango. Mdogo wake alikuwa amesimama miguu imetanuka, ngumi mbili zimeshikana mbele ya kifua, zinapanda mpaka juu ya paji la uso kisha zinavutwa chini kwa nguvu iliyomkunja mgongo. Mikononi hamkuwa na kitu. Vumbi jeupe lilidondoka kutoka hewani na kutua kwenye vidole vya miguu yake.

"Kaka," alinong'ona, "vidole havifunguki."

Karani alinyoosha mkono, akaurudisha. Alirudi nyuma, akafunga mlango, akamwambia mama yao kwamba mtoto ana homa, asiingie, inaambukiza.

Giza lilipoingia, saa ya vibarua kupumzika, mikono ilifunguka na mshonaji akaanguka kama nguo iliyotoka kambani. Alfajiri alisimamishwa tena. Siku zikawa hivyo. Nguo za wateja zilirundikana juu ya cherehani, na yule aliyekuwa akitunga uzi sindanoni huku anazungumza sasa hakuweza hata kushika kikombe. Mashavu yalibonyea. Magauni yake mwenyewe yakamvaa kama ya kuazima.

Mganga aliletwa mchana, wakati mama amekwenda kwa jirani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka, aliyezoea kazi yake. Aliokota vumbi la sakafuni, akalisugua kati ya vidole, akalinusa, na uso wake ukabadilika.

"Mnapasua nini humu ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatupasui kitu."

"Mnapasua. Na hii si mbao." Alimtazama yule binti, mifupa ya mabega yake inayosukuma ngozi, kisha akafuta vidole vyake kwenye ukuta, akavifuta tena.

Alipiga magoti, akafukiza, akasoma alichosoma, na kadiri alivyosoma ndivyo saruji ilivyoanza kupumua chini ya viganja vyake, ikitoa joto na harufu ya shimo ambalo watu wamekojoa na kutokwa jasho na kulia humo kwa miaka, na msumeno usioonekana haukusimama hata kidogo, ulipanda ukashuka, ulipanda ukashuka, mpaka ile sauti kavu ikasema, bila hasira, kama kibarua anayehojiwa mlangoni, kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ameitwa kazini, ameitika.

"Toka," mganga alisema.

"Kazi haijaisha. Wa juu akichoka abadilishwe, lakini kwa damu yake. Chuma alichoka. Alimwomba mdogo wake amshikie, aende kunywa maji." Sauti ilikohoa. "Hakurudi."

Mganga alianza kukusanya vitu vyake. Karani alimshika shati.

"Mfukuze. Si ndiyo kazi yako?"

"Namfukuza aliyejiingiza. Huyu mmemwajiri." Alizungumza mdomo ukiwa karibu na sikio la karani, ili mgonjwa asisikie, na mgonjwa alisikia. "Atakayemshika huyu binti mikono atapokea mpini, na binti atafunguliwa. Uliyeita ni wewe. Mabega unayo. Labda wewe utamchosha yule wa chini. Huyu hafiki wiki ijayo."

Hata maji hakunywa. Aliondoka.

Karani alisema kesho. Kesho ilipofika alisema atamshika baada ya kuaga kazini, mtu haachi kazi bila kuaga. Siku iliyofuata alirudi kwenye majalada kutafuta binamu, mjukuu, yeyote wa damu ya Chuma aliye mbali na asiyemjua, na kila jina alilofuata liliishia kaburini. Nisimtafutie maneno ya kumsetiri: alikuwa mwoga, na mwoga msomi ndiye mbaya zaidi, maana hakosi sababu.

Ilifika asubuhi ambayo vumbi lilikuwa jekundu. Karani alisimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya suruali.

"Kaka." Midomo ya mshonaji ilikuwa imepasuka. "Nishike. Kidogo tu. Mimi ningekushika."

Alijua kwamba ni kweli, angemshika. Ndilo lililomuumiza, na ndilo alilolitoroka alipogeuka na kuita ukumbini, kwa sauti nyororo ambayo hakuwa ameitumia siku nyingi:

"Mama. Homa imepungua. Njoo umshike mwanao mikono, anatetemeka."

Mama alikuja mbio kwa kupapasa ukuta, mama aliyekuwa akilala nje ya mlango ule akisikia *khrr* na kuambiwa ni kifua cha mgonjwa, na mshonaji akaanza kutikisa kichwa, akavuta pumzi apige kelele, lakini koo lilikuwa limejaa vumbi na kilichotoka ni mkwaruzo tu, na karani alimshika mama yake bega, akamwongoza hatua kwa hatua, taratibu, kama mtoto mwema, akisema hapa mama, mbele kidogo, hapo hapo, shika.

Mama akashika.

Mshonaji alianguka pembeni. Ngumi za mama zilipanda mpaka juu ya paji la uso, kisha zikavutwa chini.

"Lo," mama alisema, anatabasamu, macho yake meupe yameelekea pasipo na mtu. "Kumbe bado una nguvu hivi, mwanangu."

Karani alimburuta mdogo wake mpaka jikoni, akamweka ukutani, akamsogezea kikombe mdomoni. Vidole vya mshonaji vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja. Hakunywa. Alimtazama kaka yake bila kupepesa, na chai ikamtiririka kidevuni.

Kule chumbani msumeno ulikuwa umeanza polepole, sasa ulishika mwendo. Katikati ya mivuto miwili mama aliita, pumzi imekatika kidogo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumsumbua mtoto wake.

"Mwanangu? Naachia saa ngapi?"

"Bado kidogo, mama," karani alijibu, akaenda kufunga mlango.