Gari Lililokosa Hewa

Kila Jumamosi asubuhi Falonne alipambana na vumbi. Malori ya madini yalipita karibu na nyumba yao pale Musonoi, mjini Kolwezi, kutwa kucha, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu liliingia kila mahali: kwenye sufuria, kwenye shuka, hata ndani ya taksi ya baba yake, Toyota kuukuu iliyomzidi Falonne umri. Baba yake, Ezéchiel, alimfundisha kufungua boneti, kutoa filta ya hewa na kuikung'uta mpaka iwe safi.

"Injini inapumulia hapa," alimwambia. "Ukiacha vumbi lijae, unaiua."

Jumamosi moja Falonne aliona amechoka. Kwa nini aikung'ute filta kila wiki ilhali inaweza kufunikwa? Alichukua kipande cha kitenge kizito cha mama yake, akakikunja, akaizungushia filta na kukifunga kwa uzi. Vumbi litaishia kwenye kitambaa, alijisemea, na mimi nitalala mpaka jua liwe juu. Akafunga boneti huku akijipongeza. Uvivu nao una akili zake, jamani!

Jumatatu gari likaanza vituko. Likiwashwa, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Likipanda mlima, lilikohoa na kutoa moshi mweusi. Mara likazimika katikati ya barabara, abiria wakiwa ndani.

Ezéchiel hakujisumbua kutafuta sababu. Kolwezi gari likikohoa, wa kwanza kulaumiwa ni kadhafi, yaani muuza petroli ya chupa kando ya barabara. Kadhafi wake alikuwa jirani yao Mado, mjane aliyelea watoto wake kwa biashara hiyo.

"Ametia maji katika mafuta!" Ezéchiel aliwatangazia madereva wenzake kwenye kituo cha taksi.

Ulimi hauna mfupa. Kabla wiki haijafika katikati, hakuna dereva aliyesimama tena kwenye meza ya Mado. Falonne akitoka shule alimkuta amekaa peke yake, mkono shavuni, chupa zake zimejaa vilevile kama asubuhi.

Hatimaye Ezéchiel alilipeleka gari kwa fundi Stany, Falonne akiwa naye. Mado alisikia, akaja mbio, kitenge amekikaza kiunoni.

"Tata Ezéchiel, umeniita mwizi mbele ya batu," alisema. "Leo mutafungua hiyo gari nikiwa hapa hapa!"

"Tulia, Mama Mado," Stany alimjibu. "Mafuta yenyewe yatasema."

Alitoa petroli kidogo kwenye tangi, akaimimina katika chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli. Kama yangekuwemo, yangeshuka chini yakaonekana. Walingoja wote, macho kwenye chupa. Hakukuwa na hata tone.

"Basi amechanganya na mafuta ya taa," Ezéchiel aling'ang'ania.

Stany alinusa chupa, akatikisa kichwa. Kisha akafungua buji, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Zote zilikuwa nyeusi tii.

"Ona masizi haya, Tata. Petroli inaingia vizuri, lakini haiungui yote. Injini haikukosa mafuta. Imekosa hewa."

Hapo Falonne akaelewa: kitenge! Stany alikuwa tayari ameshika bisibisi, anaelekea kwenye filta. Falonne angeweza kunyamaza au kusema hajui chochote. Lakini alimtazama Mado, akazikumbuka chupa zake zilizojaa, na aibu ikamjaa.

"Baba, ni mimi," alisema. "Nilifunga filta kwa kitenge ili nisiikung'ute tena. Mama Mado hana kosa lolote."

Stany akafungua. Kitenge kilikuwa kimeshiba vumbi, kigumu kama tofali. Alikitoa, akasafisha filta na buji, akawasha gari. Injini ikanguruma taratibu, bila kukohoa.

Falonne alingoja kofi. Halikuja.

"Mutoto amekosa, lakini amesema kosa lake mbele yetu wote," Ezéchiel alisema kwa sauti ya chini. "Langu mi bado liko kule kituoni. Mama Mado, nisamehe. Panda, twende."

Kituoni aliwaita madereva wote, Mado akiwa upande mmoja na Falonne upande wa pili. Aliwaambia kwamba mafuta ya Mado ni safi, kwamba gari lilizibwa hewa na kitenge cha Falonne, na kwamba yeye alimsingizia Mado.

"Kumbe kadhafi mubaya ni binti yako!" dereva mmoja alipiga kelele, na wote wakaangua kicheko. Ezéchiel aliinamisha kichwa akaumeza utani ule.

"Mucheke tu," Mado alisema, "lakini chupa zangu bado zimejaa palepale."

Jioni baba na binti walisimama kando ya barabara karibu na meza ya Mado. Taksi moja ilisimama kununua. Nyingine zilipita bila kupunguza mwendo, na Falonne akaanza kulia.

"Unaona?" baba yake alimwambia. "Wewe ulikimbia kazi ndogo, mi nikakimbia kazi ya kuchunguza kabla ya kusema. Gari tumelitengeneza leo leo. Jina la mutu, mwanangu, halina fundi. Kesho tutarudi kituoni kusema tena, na kesho kutwa pia, mpaka wote wasikie."