Sampuli ya Huduma ya Tatu

Lifti ya jengo lile la ghorofa saba iligoma saa sita mchana, saa ambayo kila mtu ana haraka. Ukumbi wa chini ulijaa makarani wenye mafaili na akina mama wenye mikoba, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Katikati yao alisimama msichana mwenye gauni la kijivu na kompyuta kwapani, hana haraka wala hasira. Alifuata chaja ghorofa ya sita, na kwake kupanda ngazi au kutopanda yalikuwa yale yale.

"Dada, ngazi ni dawa ya miguu," alisema fundi wa lifti, aliyekaa juu ya sanduku lake la spana, ovaroli ya buluu, grisi shavuni.

"Basi inuka utibiwe wewe kwanza."

Watu wakacheka. Fundi akainuka kweli, akambebea kompyuta mpaka juu huku akihema. Walipofika alikuwa ameshajua kwamba dada huyu husafisha picha za watu kwa njia ya mtandao, akiwa nyumbani kwao, kwa wateja asiowahi kuwaona. Akamwita Dada Ngazi, na jina likakaa.

Mapenzi yao yalianza hivyo, na ukweli usemwe, mbebaji alikuwa mmoja. Mwaka uliotangulia Dada Ngazi alifiwa na baba. Ni yeye aliyeitengeneza picha ya msibani, saa tatu nzima bila chozi, na tangu siku hiyo moyo ulimfa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alikula, alifanya kazi, alijibu simu. Ya Fundi iliita kila siku saa saba.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Nadhani."

"Nadhani ndiyo nini? Sema ndiyo au hapana."

"Ndiyo. Nadhani."

Fundi alicheka, naye alikisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha ndipo akarudi kazini.

Kisha kazi zikapungua. Simu za siku hizi zinasafisha picha zenyewe, na nani atamlipa mtu kwa jambo linalomalizwa na kidole chake? Akakaa mezani na mdogo wake, msichana wa maneno mengi aliyekuwa akisomea uuguzi, wakapanga huduma mpya.

"Ya kwanza, kukarabati picha kuukuu zilizochanika," alisema Dada Ngazi akiandika. "Ya pili, kuwaunganisha watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Ya tatu, kumwondoa mtu kwenye picha."

"Hiyo ya tatu itakutajirisha, dada. Walioachana ni wengi kuliko waliooana."

"Kila huduma inataka sampuli, kabla na baada. Na picha za wateja siwezi kuzianika."

"Si utumie zako?"

Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijinyoa. Picha aliyopigwa akiwa na mtu mwingine ilikuwa moja tu: yeye na Fundi kwenye zile ngazi, mkono wa Fundi begani mwake. Mdogo wake ndiye aliyeipiga. Kwenye "kabla" akaufunika uso wa Fundi kwa ukungu, kwa adabu, asije akaanikwa mtandaoni bila ruhusa. Kwenye "baada" akamwondoa mzima mzima, na pale palipokuwa na mkono akakisuka upya kitambaa cha gauni, uzi kwa uzi. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile. Akaibandika kwenye ukurasa wake, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake simu iliita saa nne.

"Nilitaka kumwonyesha bosi wangu ukurasa wako, akupe kazi," alisema Fundi. "Nimejiona."

"Nimekuficha uso."

"Ovaroli yangu naijua, na mkono wangu najua ulikuwa wapi. Umenifuta mpaka kivuli."

"Ni sampuli tu."

"Na mimi je, miezi yote hii? Ulipokuwa unanifuta, hukusikia chochote?"

Angeweza kudanganya. "Hapana," alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Haya, Dada Ngazi. Baki salama."

Saa saba simu haikuita. Siku iliyofuata haikuita pia. Siku ya nne mdogo wake alimkuta ameiweka kando ya sahani, chakula kimepoa.

"Utaitazama mpaka itoe mayai? Mrudishie picha yake, umwombe radhi."

Picha ya kurudisha ndiyo haikuwepo. Kazi mpya alikuwa ameihifadhi juu ya ile ya asili, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukemewa. Mdogo wake naye alishaifuta, maana simu yake haiishi kujaa. Dada Ngazi akajaribu kuuchora uso wa Fundi kwa kumbukumbu: jino lililompanda mwenzake, nyusi zilizokaribia kukutana. Alishangaa kumbe aliyatazama yote hayo.

Katika kupekua mafaili akaifungua picha ya baba yake, ile ya asili. Shavuni palikuwa na kovu. Baba alilipata akimfungia bembea yeye, alipokuwa na miaka sita. Kwenye picha ya msibani kovu halikuwepo. Alilifuta kwa mazoea, kama chunusi ya mteja, na waombolezaji wakasema mzee amependeza. Dada Ngazi akaligusa kovu kwenye kioo cha kompyuta. Akalia, akalia, mpaka mdogo wake akaiacha leso na kwenda kuleta taulo.

Kesho yake mchana alimkuta Fundi ghorofa ya saba ya jengo lile lile, amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti.

"Lifti ni nzima leo," alisema Fundi bila kuinua macho. "Huna haja ya ngazi."

"Nimekutafuta ghorofa zote kwa miguu. Huduma ya tatu nimeiondoa. Nisamehe, Fundi. Na picha yako imepotea, naomba nyingine."

"Ya kufuta?"

"Ya kukaa nayo. Sitaigusa."

"Hata hii grisi?"

"Hata grisi. Baba yangu nilimfuta kovu lake. Nimeligundua jana, nikalia."

Fundi akaiweka spana chini. Alijua mtu huyu halii.

"Njoo hapa," alisema.

"Picha kwanza."

Fundi akasimama. Dada Ngazi akainua simu, akabonyeza. Uso ukatoka umevurugika, jino limeonekana mara mbili.

"Imetikisika," alisema Fundi akichungulia. "Piga nyingine."

"Hapana. Ndiyo hii hii."

"Mikono inakutetemeka, mpenzi."

"Najua," alisema. "Naisikia."