Namba ya Mama Juu ya Jiko

Odile Arceneaux alikuwa akijaza boudin, soseji za wali na nyama ya nguruwe. Mumewe, Clovis, alikuwa akizila.

"Clovis! Ukimaliza kuonja tutauza nini?"

"Naangalia chumvi, mke wangu."

"Chumvi gani ya kuangaliwa mara saba?"

Juu ya jiko ilibandikwa karatasi iliyofifia. Ilikuwa na tarakimu tisa, kwa mwandiko wa marehemu mama yake Odile. Hiyo ilikuwa namba ya kodi ya biashara ya mama. Mama alipofariki, Odile alirithi jiko, sufuria na wateja. Akadhani namba nayo imo katika urithi.

Sasa duka kubwa la mjini lilitaka boudin zake kwa msimu mzima wa Mardi Gras, sherehe za kabla ya Kwaresima. Odile alijaza fomu yao kwa namba ya mama. Siku ya Jumatano fomu ikarudi. Jina na namba havikulingana. Alete namba sahihi kabla ya Ijumaa, la sivyo watachukua boudin za mtu mwingine.

Clovis akachomoa simu. "Hawa hapa wanatoa namba kwa dola mia mbili na themanini. Lete kadi."

"Haraka haraka haina baraka," alisema Odile. "Nikamuulize kwanza Verline."

Verline Guillory alikuwa jirani yao. Alifanya kazi maktaba na kusaidia watu kujaza fomu. Odile na Clovis wakamfuata huko.

"Namba ya kodi hairithiwi, mdogo wangu," alisema Verline. "Biashara ilikuwa ya mama peke yake. Sasa mwenyewe ni wewe. Una mfanyakazi?"

"Binamu yangu Nolia."

"Basi lazima uwe na namba yako. Na ni bure! Idara ya kodi ya serikali kuu haitozi hata senti."

Odile alimgeukia mumewe. "Umesikia, bwana kadi?"

Clovis akajifanya anasoma gazeti.

"Angalia anwani ya tovuti," Verline aliendelea. "Mwisho wake ni nukta gov. Nyingine ni za wafanyabiashara tu. Umekuja na namba yako ya hifadhi ya jamii? Haya, kaa kwenye kompyuta, andika mwenyewe. Usizubae, ukikaa robo saa bila kugusa kitu fomu inajifunga, unaanza upya."

Odile alijaza jina, anwani, aina ya biashara na sababu ya kuomba. Papo hapo namba ikatokea. Verline akachapisha barua. "Itunze vizuri. Benki nao wataiuliza."

Odile aliishika, lakini machozi yakamlengalenga.

"Ya mama je? Watampa mtu mwingine?"

"Kamwe. Namba ikishatolewa hapewi mtu mwingine. Ile ni ya mama yako daima. Tutaiandikia idara barua, waifunge akaunti yake, basi."

Odile akacheka huku anafuta macho.

Alhamisi duka likapokea fomu mpya. Ijumaa asubuhi masanduku kumi ya boudin yakapakiwa garini. Moja lilikuwa na upungufu wa soseji mbili, na Clovis alikuwa anapangusa midomo.

Odile hakumgombeza. Alikuwa juu ya kiti, anabandika namba yake ukutani. Ya mama hakuibandua. Aliiweka yake kando ya ile, karibu kabisa, kama yeye na mama walivyozoea kusimama wawili mbele ya jiko lile.